Mrija au mtungi?

Msimu wa likizo umekaribia na barua zimebadilika. Hakuna anayeniuliza tena namna ya kumwondolea mtoto hofu ya bwawa. Wote wanakwenda bahari za joto na wote wanataka kuona matumbawe. Swali linakuja kwa sura nyingi lakini ni lile lile: waelee juu kwa maski na mrija, yaani snokeli, au wajifunge mtungi wa hewa wazame? Kwa msomaji mgeni, nilifundisha kuzamia kwa mtungi miaka mingi, hadi mgongo ulipokataa kubeba vyuma. Siku hizi nikienda likizo mfuko wangu una maski, mrija na mapezi ya miguu, basi. Nina upande wangu na sitauficha.

Shikamoo Mwalimu. Mimi na mume wangu tunakwenda kisiwani kwa wiki moja, fungate yetu iliyochelewa. Yeye ameshikilia tufanye kozi ya kuzamia tupate na cheti, eti hatuwezi kusafiri mbali hivyo halafu tukaishia kuelea juu kama watoto. Mimi kuogelea najua, ila nikifikiria kuwa chini kule napumulia mpira mdomoni, usingizi unakata. Nataka mrija tu. Ni woga, au nina hoja?
*Bi harusi asiyetaka kuzama*

Marahaba, mwanangu. Hoja unayo. Na hata ungekuwa ni woga mtupu ningekujibu hivi hivi, maana mtu aliyeshuka kwa kubembelezwa ndiye anayekurupuka kupanda juu, na kukurupuka huku umebana pumzi ya mtungi kunaweza kupasua mapafu.

Tuanze na hesabu ya siku, kwa sababu hapo ndipo mumeo alipoteleza. Kozi ya cheti cha mwanzo huchukua siku tatu hadi nne. Kuna masomo na mtihani, kuna mazoezi ya bwawani au kwenye maji yaliyotulia, halafu kuna mizamio minne ya baharini ambayo haifanywi yote siku moja. Upande wa pili wa wiki kuna ndege. Ukipumua hewa ya mtungi chini ya maji, naitrojeni inajilimbikiza mwilini na inahitaji muda wa kutoka taratibu. Ukiwahi kupanda ndege, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa ardhini pwani, naitrojeni hiyo inaweza kugeuka viputo kwenye damu na kwenye viungo. Mwongozo unaofuatwa na wengi ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja, na angalau saa 18 kama umezama mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Mimi wanafunzi wangu niliwaambia saa 24, tukamaliza mabishano. Sasa toa siku ya kufika, toa siku ya mwisho, toa siku za kozi, uone fungate imebaki na nini.

Na hizo siku za kozi si siku za kutazama samaki. Unapiga magoti kwenye mchanga, unajaza maji kwenye maski kwa makusudi kisha unayatoa kwa kupuliza puani, unautoa mpira mdomoni na kuutafuta kwa mkono, unajifunza kuelea katikati bila kugusa chini wala kupaa. Ni mazoezi ya lazima na sijutii hata saa moja niliyoyafundisha. Lakini nilikuwa nikiwatazama wanafunzi wangu wamepanga mstari mchangani, macho yamewatoka, kila mmoja anasikiliza pumzi yake, na nyuma yao kasa anapita taratibu akielekea kwenye nyasi zake. Hakuna aliyegeuka. Wangegeukaje, na mwalimu ndiye aliyewaambia wasimwondolee macho?

Halafu kuna jambo ambalo mumeo hataambiwa na anayemuuzia kozi: rangi zinakaa juu. Maji hunyonya mwanga, na nyekundu ndiyo inayotangulia kupotea. Ukipita mita tano hivi imeshafifia, inafuata ya chungwa, kisha njano. Kwenye mita 18, ambayo ndiyo mwisho wa ruhusa ya cheti cha mwanzo, kila kitu kimevaa bluu na kijivu, na damu ya kidole kilichochubuka inaonekana kama wino wa kijanikijani. Ndiyo maana wazamiaji hubeba tochi mchana kweupe. Matumbawe nayo yanaishi kwa jua, kwa kuwa ndani ya nyama yake kuna mwani mdogo sana unaoyatengenezea chakula kwa mwanga. Bustani zilizoshonana hasa huwa karibu na uso wa maji, mita mbili, tatu, tano. Hapo mwenye mrija yuko juu yake kabisa, jua likiwa mgongoni, anaziona na rangi zake zote.

Na kuna kimya. Mwenye mtungi kila akitoa pumzi viputo vinanguruma masikioni mwake, na samaki wengi wanausikia mngurumo huo na kujisogeza. Wewe ukielea bila kupiga miguu, baada ya dakika chache utaanza kusikia. Kwanza ni mchakacho mdogo usiokatika, wa kamba wadogo wanaofyatua makucha yao mapangoni. Kisha utasikia kwaru, kwaru: huyo ni pono. Mtafute. Ana mdomo kama wa kasuku, anaparuza mwani kwenye mwamba na kumeza vipande vya mwamba wenyewe, anavisaga kwa meno yaliyo kooni, halafu anapiga hatua mbili mbele na nyuma yake linashuka wingu jeupe. Wingu hilo ni mchanga. Pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka, na sehemu kubwa ya ufukwe mweupe mtakaotandika taulo zenu juu yake imepitia kwenye matumbo ya namna hiyo. Mwambie mumeo akiwa ameshalala chali.

Ama hilo la kuelea kama watoto, msomee haya. Kule Palau, visiwa vya bahari ya Pasifiki, kuna ziwa la maji ya chumvi liitwalo Jellyfish Lake, limejaa konyeza (ndio hao jellyfish) wa rangi ya dhahabu wanaolifuata jua kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mitungi imepigwa marufuku humo: viputo vinawaumiza konyeza, na kuanzia kina cha mita 15 hivi maji yana gesi ya sumu inayopenya hata kwenye ngozi. Unaingia na mrija au huingii. Kule Maldivi, kwenye ghuba ya Hanifaru, samaki wakubwa waitwao taa hukusanyika kula viumbe wadogo wanaosukumwa ndani na maji, na tangu 2012 wazamiaji wa mtungi hawaruhusiwi. Ningaloo, magharibi mwa Australia, watu wanaogelea na papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, kwa mrija tu, wasiozidi kumi majini kwa wakati mmoja, na wakiwa angalau mita tatu mbali naye. Anayeogelea ubavuni mwa mnyama wa urefu wa basi ana haki ya kuitwa mtoto akipenda.

Kama bado roho yake iko kwenye mtungi, usimnyime. Kuna mzamio wa kujaribu, ambao hauna cheti: maelezo mafupi, mazoezi kidogo kwenye maji ya kina kifupi, kisha anashuka na mwalimu akiwa hatoki ubavuni mwake, na hawapiti mita 12. Aufanye siku ya pili au ya tatu, asikubali kupangiwa siku ya mwisho kabla ya ndege. Wewe elea juu. Maji yakiwa safi utamwona kule chini, viputo vyake vitapanda hadi tumboni mwako, navyo vinatekenya. Ndoa haivunjiki kwa mita 12.

Mwalimu, salamu. Baba yetu ana miaka 66, ana shinikizo la damu na anatumia dawa. Tunakwenda naye likizo. Kuzamia tumeona ni hatari kwake, kwa hiyo tumeamua yeye apige snokeli tu, ambayo haina shida. Anunue vifaa gani?
*Watoto wanaompenda baba yao*

Vifaa baadaye. Kwanza nifutieni hilo neno "haina shida".

Mrija una sifa mbaya ya kuonekana mchezo. Mtu anayetaka kuzamia kwa mtungi anapewa fomu ya afya ndefu, anaulizwa habari za moyo, pumu, kifafa, masikio, ujauzito, na akijibu ndiyo mahali anatumwa kwa daktari. Mtu huyo huyo akitaka mrija anapewa mrija. Matokeo yake wale waliokataliwa kuzamia ndio wanaojazana juu. Kule Hawaii, wageni wanaokufa maji wengi wao walikuwa kwenye snokeli, na wengi ni watu wazima wa makamo na wazee. Queensland, huko Australia kwenye miamba ya Great Barrier Reef, mamlaka zimewalazimu wenye boti kuwatambua watu walio kwenye hatari zaidi, wazee na wenye maradhi ya moyo wakiwemo, na kuwawekea ulinzi wa ziada.

Kinachotokea ni hiki. Mtu akilala majini, maji yanaibana miguu na tumbo, na damu inasogea kuelekea kifuani. Moyo unapata mzigo ambao haukuwa nao ufukweni. Kuvuta hewa kupitia mrija kunahitaji nguvu zaidi kuliko kuvuta kawaida, na mrija mwembamba au wenye vali nyingi unaongeza kazi. Weka na mkondo mdogo unaomlazimu apige miguu. Weka na mfadhaiko wa maji kuingia mdomoni. Moyo uliochoka unaweza kusimama hapo hapo, kwenye maji ya kufika kifuani, mita chache kutoka kwenye mwavuli wenu. Na mtu wa namna hiyo hapigi kelele. Anaelea uso chini, mrija uko juu, na kila mtu ufukweni anadhani anatazama samaki.

Kwa hiyo baba aende kwa daktari wake kabla ya safari na aulize swali kwa jina lake: je, naweza kuogelea uso chini baharini kwa nusu saa? Si kuuliza "naweza kwenda likizo". Dawa zake asiziruke ati kwa sababu yuko mapumzikoni. Siku ya kufika asiingie. Mwili uliotoka kukaa kwenye ndege saa nyingi upewe usiku mmoja. Siku ya kwanza ya maji afanyie mazoezi mahali miguu inapofika chini, asubuhi kabla upepo haujaamka, na avae jaketi la kuelea hata kama anajua kuogelea. Hilo jaketi wanaume wa umri wake hulikataa. Mimi nalivaa. Mwambieni Mwalimu analivaa.

Mmoja wenu awe naye majini, kwa umbali wa kumgusa, na kazi yake iwe ni baba na si samaki. Kubalianeni ishara: mkono juu ya utosi ni "niko salama", mkono unaopunga ni "njoo". Msitumie dole gumba kuonyesha kwamba mambo ni mazuri, kwa sababu mwongozaji aliyezoea mitungi atadhani mnataka kutoka majini. Akihisi pumzi inakuwa fupi, hata kidogo, asisubiri kuona kama itapita. Ageuke chali, auteme mrija, apumue hewa ya kawaida, aite. Zoezi hilo la kugeuka na kutema alirudie ufukweni mara nyingi hadi mwili ulifanye wenyewe. Akishatoka majini hata kama anasema ni uchovu tu, mkimwona bado anahema au anakohoa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Vifaa: mrija mpana, mfupi, usio na mbwembwe.

Mambo vipi Mwalimu! Hivi kwa nini hawatengenezi mrija wa mita mbili ili mtu atembee chini bila kulipia mitungi? Nina bomba la bustani, nimeona nijaribu.
*Fundi*

Usijaribu. Nimeanza na jibu ili ukiacha kusoma hapa uwe umeshapona.

Hewa inayotoka juu ya maji ina mgandamizo wa kule kule juu ya maji. Wewe ukiwa chini, kifua chako kinabanwa na maji: kwenye kina cha mita moja tu, kila sentimita ya mraba ya mwili inabeba takriban gramu 100 zaidi ya hewa iliyomo kwenye bomba lako. Chukua eneo la kifua chako uzidishe, utapata makumi ya kilo ambazo misuli ya mbavu inatakiwa kuzinyanyua kila unapovuta pumzi. Pumzi chache tu utakuwa umechoka, na kwa kina kinachozidi hapo kifua hakinyanyuki kabisa. Shida ya pili ni kwamba hewa uliyotoa inabaki ndani ya bomba na ndiyo unayoivuta tena. Bomba refu linakurudishia uchafu wako mwenyewe hadi unazimia. Ndiyo maana mrija wa kweli hauzidi sentimita 40 hivi.

Kikwazo hicho ndicho walichokivuka mwanamaji Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan kule Ufaransa mwaka 1943. Walitengeneza vali inayompa mzamiaji hewa ya mtungi kwa mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka, kwa hiyo kifua kinanyanyuka bila kushindana na bahari. Kwa ufundi huo mtu analipia, na ni halali yake.

Ukitaka kushuka kidogo na mrija, jifunze kushuka kwa pumzi moja: jikunje kiunoni, inua miguu juu ya maji, uzito wake utakusukuma. Bana pua na upulize polepole mara tu unapoanza kushuka, kabla masikio hayajauma. Yakiuma umeshachelewa, rudi. Ukirudi juu mrija umejaa maji, pulizia "tu!" kwa nguvu kabla ya kuvuta. Na nisikilize hapa: usiheme haraka haraka mara nyingi kabla ya kushuka ili ukae zaidi. Ule ulazima wa kuvuta pumzi huletwa na kabonidioksidi kujaa, si oksijeni kupungua. Ukiifukuza kabonidioksidi kwa kuhema, kengele haitalia, na oksijeni itakwisha ukiwa bado unajisikia vizuri. Waogeleaji hodari huzimia hivyo, kwenye kina cha kusimama, na ni hodari ndio hasa.

Mwalimu, ile maski inayofunika uso mzima, unapumua kwa pua na mdomo, unaionaje? Na ya kawaida yangu inajaa ukungu kila mara.
*Mvaa miwani*

Ya uso mzima siipendi. Nyingi hazikupi nafasi ya kubana pua, kwa hiyo huwezi kusawazisha masikio hata kwa mita mbili. Zilizotengenezwa vibaya zinazungusha hewa chafu ndani. Na ukipaliwa huwezi kutema, lazima uivue yote kwa mikono miwili. Kwa mgonjwa wa moyo au wa pumu nasema hapana bila kumung'unya.

Maski ya kawaida ichagulie dukani hivi: iweke usoni bila kupitisha mkanda, vuta hewa puani kidogo, achia mikono. Ikibaki imeng'ang'ania, ni yako. Ikianguka, hata iwe nzuri namna gani, itavuja. Masharubu nayo huvujisha. Nyoa yale ya juu kabisa chini ya pua, mengine bakiza. Miwani ya kuogelea ya bwawani usiitumie kushuka, haina nafasi ya pua na itakunyonya macho.

Ukungu wa maski mpya unatokana na utando wa kiwandani kwenye kioo. Sugua ndani kwa dawa ya meno nyeupe na kidole, suuza, rudia. Baada ya hapo, kila kabla ya kuingia, tema mate humo, pakaza, suuza mara moja tu. Kuna dawa za chupa kwa wanaoona kinyaa. Na kwa kuwa unavaa miwani: maski zenye lenzi za namba zipo. Kumbuka chini ya maji kila kitu kinaonekana kikubwa kwa theluthi moja na kiko karibu kuliko kilivyo, kwa hiyo wenye upungufu mdogo wa macho wengine huona hawazihitaji. Yule samaki mkunga uliyewasimulia wenzako kwamba ni wa mita mbili, punguza.

Mwalimu, nimechoka na kampeni yako. Ninazamia kwa mtungi kila likizo na ninaona vitu ambavyo wewe na mrija wako hamtaviona. Si ukubali kwamba umezeeka?
*Mzamiaji*

Nimezeeka, hilo halina kampeni.

Na kuna mambo ya mtungi ambayo mrija hauyagusi. Bahari ya Shamu kuna meli ya Uingereza iitwayo Thistlegorm, iliyozamishwa na ndege za Kijerumani mwaka 1941, imelala kwenye kina cha mita 30 na pikipiki na malori ya jeshi yakiwa bado yamepangwa ndani. Hiyo huioni kwa kuelea. Huioni vizuri hata kwa cheti cha mwanzo. Inataka mtu aliyesonga mbele kidogo. Kuta za mwamba zinazoporomoka kwenye giza, mapango, uvungu wa matumbawe alikolala papa, vyote ni vyako. Na kuna moja ninalolikosa kweli: mwenye mrija anamwona samaki mgongoni, mwenye mtungi anamwona usoni. Pweza aliyejificha chini ya jiwe, ukiwa umetulia mbele yake, anakuchungulia kwa jicho moja, anabadili rangi, anakuchungulia tena. Kwa juu ungepita ukidhani ni jiwe.

Ninachowaambia wasomaji ni kuangalia siku zao. Mwenye wiki mbili, au ambaye masomo na mazoezi ya bwawani ameyamaliza kwao kabla ya safari ili huko abakize mizamio ya bahari tu, aende na mtungi na baraka zangu zote. Mwenye siku chache, mwenye mtoto wa kumtazama ufukweni, mjamzito (ambaye mtungi kwake ni marufuku, na mrija aulizie kwa daktari), mwenye mafua yaliyoziba masikio, achukue mrija na asijione amepewa makombo. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hewa ya bar 200, yaani iliyobanwa mara 200, una lita 2,400. Ukipumua lita 20 kwa dakika kwenye kina cha mita 20, ambako kila pumzi inabeba hewa mara tatu, hata ukiimaliza yote ni dakika 40, na wewe unajua kwamba hatuimalizi. Mimi natoka majini pale tu ninaposikia baridi.

Ila ombi moja kwako kama mkubwa wa kule chini: ukikutana na wenye mrija wamesimama juu ya tumbawe kurekebisha maski zao, wagongee mtungi wako. Matumbawe yale mazito ya duara hukua milimita chache hadi sentimita moja hivi kwa mwaka. Pezi moja likikanyaga limefuta miaka. Wakitaka kusimama wasogee kwenye mchanga, na hata huko waburuze miguu, maana kuna taa aliyejifukia na mafuma wenye miba.

Mwalimu, swali dogo. Mafuta ya jua nipake ya aina gani?
*Mweupe kidogo*

Hawaii imepiga marufuku kuuza yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati tangu Januari 2021, na Palau ilitangulia kwa mwaka mmoja ikiwa na orodha ndefu zaidi, kwa sababu ya matumbawe. Soma nyuma ya chupa. Yenye madini ya zinki ni afadhali. Lakini usitegemee mafuta: vaa fulana ya mikono mirefu ya kuogelea, ambayo haioshwi na maji na inakukinga na baridi pia. Mafuta bakiza kwa shingo, masikio na nyuma ya magoti. Nyuma ya magoti hasa. Nusu saa uso chini, na kesho yake hutaweza kukaa kwenye kiti.